Mmea mdogo wa majani manene kwenye mchanga mkavu: ni upi huu, na je, unaliwa?

Jicho_la_Shamba:
Wakuu, habari zenu. Kuna mmea umejiotea wenyewe kwenye mchanga mkavu, mahali ambapo hata nyasi zimeshindwa. Unatambaa chini, shina laini lenye wekundu, majani manene yaliyojaa maji, yamepanuka nchani na hayana vinyweleo. Jua likishapanda hutoa ua dogo la njano, na baada ya saa chache limeshafumba. Niliung'oa nikauacha juu ya mawe ukauke. Siku zikapita, bado mbichi na maua unatoa! Ni mmea gani huu? Nimesikia pia kwamba unaliwa.

Jembe_Kali:
Gugu hilo mkuu. Likatekate kwa jembe, litaisha.

Mchunguza_Magugu:
Hapana, tafadhali usilikatekate. Kipande cha shina kikibaki kwenye udongo wenye unyevu hutoa mizizi, na pale ulipokuwa na mmea mmoja unakuwa na mingi.

Kwa maelezo yako naona ni Portulaca oleracea, jina lililotolewa na mtaalamu wa mimea Linnaeus mwaka 1753. Ila kabla ya yote, vunja shina. Likitoa utomvu mweupe mzito, hiyo siyo portulaka. Ni Euphorbia ya kutambaa, mmea wa jamii nyingine. Hupenda mahali palepale, na mara nyingi huota zimesongamana na portulaka. Utomvu wake huwasha ngozi, machoni unadhuru vibaya, na mmea wenyewe hauliwi. Portulaka hutoa majimaji yasiyo na rangi. Majani ya Euphorbia hizo pia ni membamba, hayana unono huo. Nasisitiza hili kwa sababu watu hutambua mimea kwa picha ya simu, na picha haioneshi utomvu.

Sasa, kwa nini haukufa juu ya mawe? Maji yamo ndani ya majani na shina, na mmea unajua kuyabana. Wakati wa kawaida hufanya usanisinuru, yaani kujitengenezea chakula kwa mwanga wa jua, kwa njia iitwayo C4, inayofaa sana penye jua kali. Ukame ukizidi, huongeza njia ya pili, CAM: stomata, yaani vile vitundu vya jani, hufunguka usiku kunapokuwa na ubaridi, hewa ya ukaa inaingia na kuhifadhiwa kama asidi, kisha mchana vitundu vinafungwa na mmea unaitumia akiba hiyo. Mimea iwezayo njia zote mbili ni michache mno. Mwaka 2022 watafiti wa Chuo Kikuu cha Yale walionesha kwamba katika portulaka njia hizo hufanyika ndani ya seli zilezile. Mimi hili linanifurahisha kila ninapolifikiria: mmea tunaoukanyaga unafanya kazi ambayo wanasayansi wangependa mahindi yaifanye!

Ndiyo maana ukichuma asubuhi wakati wa ukame huwa mchachu zaidi kuliko jioni. Asidi ya usiku bado haijatumika.

Na ndiyo, unaliwa, mbichi au umepikwa. Una omega-3, aina ya mafuta yenye faida mwilini, kwa wingi kuliko mboga nyingi za majani. Lakini una oksalati nyingi pia, kemikali inayoweza kujenga mawe kwenye figo, kwa hiyo mwenye historia ya mawe ya figo ajiepushe. Kuuchemsha na kumwaga maji hupunguza oksalati. Usichume palipopuliziwa dawa.

Jicho_la_Shamba:
Asante sana mkuu. Nimevunja mashina kadhaa, yote majimaji tu, hakuna weupe. Nikitaka kubakiza kidogo cha kula bila shamba zima kuvamiwa, nifanyeje?

Mchunguza_Magugu:
Wahi kabla ya mbegu. Tunda lake ni kikasha kidogo chenye kifuniko. Likikomaa kifuniko kinang'oka na mbegu nyeusi ndogo mno zinamwagika. Kwa hiyo chuma nchani kabla maua hayajawa mengi, ndipo majani nayo yanakuwa laini. Unayoing'oa usiiache juu ya udongo, maana huweza kukomaza mbegu ikiwa imelala hapohapo. Iondoe kabisa. Na usichimbue ardhi bila sababu: mbegu zilizozikwa hukaa hai miaka mingi, na kuota zinahitaji kuwa karibu na juu, penye mwanga. Palipobaki wazi, funika kwa matandazo mazito.

Jembe_Kali:
Hapo kwenye vipande kuota mizizi nimekuelewa. Je, nikivianika juani kwanza?

Mchunguza_Magugu:
Juani peke yake huchukua muda mrefu, umeona yaliyotokea kwenye mawe. Vitie ndani ya mfuko mweusi, ufunge, uuache juani mpaka viive na kuoza.