Naomba ushauri: UTI ya mama mkwe, majibu yanasema ESBL

Wakuu, habari za leo. Mama mkwe ana UTI inayojirudia. Mkojo umeoteshwa maabara, wakakuta bakteria E. koli yenye ESBL (kimeng'enya kinachoifanya iwe sugu kwa antibiotiki nyingi): amoksilini na seftriaksoni zote R (dawa haimwezi), nitrofurantoini na meropenemu S (dawa inamwua). Nimesoma kwamba bakteria huyo hutengeneza kimeng'enya kinachovunja pete ya beta-laktamu (sehemu ya dawa kama amoksilini inayoifanya ifanye kazi), dawa inaharibika kabla haijagusa ukuta wa seli. Hapo sawa. Ila asidi ya klavulaniki si ndiyo huziba kimeng'enya hicho hicho? Mbona daktari kaandika nitrofurantoini, na si Augmentin (amoksilini iliyochanganywa na asidi hiyo)? Figo zake hazifanyi kazi vizuri, na hilo ndilo linalonikosesha usingizi. Wafamasia na watu wa maabara, tumuulize daktari nini kabla hajaanza dozi? Wale wa "mpe tu azuma" naomba mpite kimya.