Eti "tatizo si kiti, ni mzigo"! Fundi yule amenikosea adabu

Jamani, nimerudi kutoka mjini sasa hivi na mikono bado yanitetemeka. Yule fundi baiskeli, simtaji, mnamjua nyote. Hakuna mtu kuanzia Tudor mpaka Kisauni ambaye hajawahi kuzibiwa pancha naye ikafumuka kabla hajafika nyumbani.

Nimemwendea kwa adabu. "Salaam aleikum fundi, kiti ulichoniuzia chaniumiza. Nikifika daraja la Nyali nakanyaga nimesimama, nikifika Bamburi kati pote ganzi." Hakukitazama hata. Amejibu kwa sauti ya makanga anayeita abiria wa Mtwapa: "Dadangu, tatizo si kiti, ni mzigo."

MBELE YA WATU! Wazee wa kahawa wamecheka, babu mmoja kapaliwa na kashata, nusura tumzike Alasiri.

Mzigo! Kiti chenyewe nimekipindua, chini kimeandikwa 130, yaani upana wa milimita. Mimi nyumbani nilikalia kipande cha kadibodi juu ya ngazi, nikainuka, mifupa ya makalio ikaacha vishimo viwili. Nimepima kwa rula kutoka katikati ya kimoja hadi katikati ya chenziwe: sentimita 13. Basi mifupa yangu iko ukingoni kabisa, na uzito wote wabebwa na nyama laini. Wanawake kwa kawaida mifupa hiyo imeachana kuliko ya wanaume, ndiyo maana kuna viti vya 143, 155, mpaka 168, vingine vina tundu katikati. Na unene hauhusiki! Kimbaumbau aweza kuhitaji kiti kipana kuliko bonge.

Nimemweleza yote hayo. Kaniletea kava ya jeli! Jeli ukiizamia inafura katikati, waumia palepale. Na pua ya kiti kaielekeza juu, yatazama mawingu.

Ni mzigo. Mbele ya wazee wote wale. Mwenye kujua wapi Mombasa hii nitapata 155 aniambie, na yule msimpe hata shilingi.

Baharia Mkavu: Pole dadangu. Lakini hiyo "si kiti, ni mzigo" nimecheka mpaka bosi kanitolea macho.

Binti Kisauni: Huyo huyo aliniambia baiskeli si ya mwanamke, nikapande tuktuk! Mwenzangu, ilaze hiyo pua ya kiti, iteremshe kidogo tu. Na kaptura ya sponji usiivalie chupi, mishono ndiyo inayochuna.

Msemakweli: Maneno yote haya kwa kiti cha baiskeli? Nunua gari.

Mwenye uzi: Utaninunulia wewe? Mtu kaniita mzigo mbele ya watu, nawe waniletea habari za gari!

Msemakweli: Hakukuita mzigo, alisema una mzigo.

Mwenye uzi: NDIYO NAFUU HIYO?

Kijana wa Makupa: Afadhali wewe umetukanwa tu. Mimi alinifungia breki, nikazikamata zikabaki mkononi, nikamvaa muuza madafu. Madafu nimeyalipa mimi.

Baharia Mkavu: Uliyanywa lakini?

Dera la Idd: Mafundi wote baba mmoja mama mmoja. Fundi cherehani wangu kachukua kitambaa kabla ya Ramadhani. Idd imepita, kila nikienda "kesho asubuhi".

Binti Kisauni: Yule anayeshona huku simu kaibana shingoni?

Dera la Idd: Huyo huyo! Nawe umeliwa?

Binti Kisauni: Shoga, nilimkuta mkewe arusini kavaa kitambaa changu!

Mwenye uzi: Jamani, na kiti changu je? 155?

Dera la Idd: Kitambaa cha rangi gani? Kama ni cha zambarau chenye maua meupe, nakuja nawe kesho.