Wakuu, nilipie gemu za kutiririsha au ninunue kompyuta yenye kadi ya grafiki?

Tandika_Baiti:
Habari za muda huu wakuu. Laptopu niliyonayo ni Core i5 kizazi cha 8, RAM GB 8, haina kadi ya grafiki. Nyumbani kuna faiba ya Mbps 20, niko Dar. Nataka mpira, mbio za magari, na zile gemu za hadithi ndefu. Naona GeForce NOW na Xbox Cloud Gaming zinasifiwa: gemu inaendeshwa kwenye seva yao, wewe unapokea picha tu. Je, Mbps 20 zinatosha, au nijikusanye ninunue kompyuta ya mtumba?

FundiNyaya:
Mkuu, kasi si tatizo lako. Nvidia, wenye GeForce NOW, wanataja Mbps 15 kwa picha ya 720p na 25 kwa 1080p, zote fremu 60 kwa sekunde. Kwa 20 ungepunguza ubora kidogo, ukacheza.

Shida ni umbali. Haohao wanataka pingi, yaani muda wa data kwenda na kurudi, isizidi ms (milisekunde) 80 hadi kwenye seva yao, na wanapendekeza chini ya 40. Mwanga ndani ya faiba unakwenda karibu kilomita 200,000 kwa sekunde. Seva ikiwa Frankfurt, Ujerumani, kutoka Dar ni kama km 7,000 kwa mstari ulionyooka, kwa hiyo kwenda na kurudi ni ms 70 kabla ruta yoyote haijagusa pakiti (kipande cha data), na nyaya za baharini hazinyooki hivyo. Johannesburg ni kama km 2,450, yaani ms 25 kwa hesabu hiyohiyo. Ongeza muda wa seva kukandamiza picha na laptopu yako kuifungua. Fremu moja kati ya zile 60 ni ms 16.7, jumla ikifika ms 150, ulichobonyeza kinaonekana fremu tisa baadaye. Kwenye gemu ya hadithi utazoea. Kwenye mbio za magari, kona utaiona ukiwa umeshaipita.

Usijipime kwa programu za kupima kasi, zinachagua seva ya jirani. Hata 8.8.8.8 inajibu kutoka kituo cha karibu, haikuambii kitu kuhusu Ulaya. Chomeka waya kwenye ruta, fungua Command Prompt, andika:

ping -n 200 dynamodb.af-south-1.amazonaws.com
ping -n 200 dynamodb.eu-central-1.amazonaws.com

Ya kwanza ni Cape Town, ya pili Frankfurt. Si seva za gemu, ila njia inafanana. Usiangalie wastani peke yake: tazama tofauti kati ya ndogo na kubwa, na pakiti zilizopotea. Pingi ya 90 iliyotulia ni afadhali kuliko ya 60 inayoruka hadi 200. Rudia saa 2 usiku, wakati mtaa mzima uko mtandaoni.

Bi_Kilobaiti:
Naongezea la bando, maana wengi hulisahau. Mbps 25 ni GB 11.25 kwa saa, Mbps 15 ni GB 6.75. Gemu ya GB 100 unaipakua mara moja; ukiitiririsha kwa 25, saa tisa tu umeshavuka hapo, na bado unaendelea kulipa. Kwa bando la simu usithubutu. Kwa faiba, soma masharti ya matumizi ya haki kwanza.

Na kama pingi inapanda mtu mwingine akifungua video, foleni iko ndani ya ruta. Ruta yenye OpenWrt (programu huria ya ruta) iwekee SQM, kipengele cha kupanga foleni ya data, chagua njia iitwayo cake, kisha weka kikomo cha asilimia 85 hadi 90 ya kasi uliyopima. Kwako ni Mbps 17 au 18. Kama haina SQM, basi wenzako nyumbani wavumilie ukicheza.

Pedi_Moja:
Nawatetea kidogo wanaotiririsha. Umeme ukikatika, laptopu ina betri, na ruta inakaa kwenye UPS ndogo ya volti 12, gemu inaendelea. Kompyuta ya mezani itazima hapohapo. Pia laptopu yako inaweza kazi: kizazi cha 8 kinafungua H.264 na HEVC, mifumo ya kukandamiza video, kwa chipu yenyewe. Mfumo mpya wa AV1 haiwezi, hivyo usiichague.

Angalia pia gemu ni za nani. GeForce NOW inatumia ulizonunua kwenye maduka ya mtandaoni kama Steam au Epic, ukijitoa zinabaki zako, ingawa si kila gemu inaruhusiwa: kampuni ya Activision Blizzard iliwahi kuondoa zake Februari 2020. Stadia, huduma kama hizi ya Google, ilizimwa 18 Januari 2023. Google walirudisha pesa, lakini usitegemee kila kampuni itafanya hivyo.

FundiNyaya:
Na huduma hizi kubwa nyingi hazijafunguliwa rasmi kwetu. VPN, ya kujifanya uko nchi nyingine, itakupitisha getini labda, ila inaongeza njia na inaweza kuvunja masharti ya akaunti. Kumbuka pia Mei 2024, nyaya za baharini za EASSy na SEACOM zilipokatika pamoja. Siku kama hiyo aliyepakua gemu anacheza, anayetiririsha anaangalia duara linazunguka.

Tandika_Baiti:
Nimeelewa, Fundi. Frankfurt imeniletea wastani wa 160, inaruka mpaka 230. Kompyuta ya mezani Dell OptiPlex ya mtumba, ile nyembamba, nikiweka kadi ya grafiki GTX 1650 itafaa?

FundiNyaya:
Kwa 160 achana nayo. OptiPlex nyembamba inahitaji kadi fupi, low profile. Ya kawaida haiingii. Chukua 1650 isiyo na tundu la waya wa umeme, inayokula wati 75 kutoka kwenye sloti, kwa sababu pawa saplai ya hizo Dell ni ndogo na haina waya wa ziada wa kadi. Ukipata toleo refu la OptiPlex, utachagua kadi kwa uhuru zaidi. RAM weka GB 16, vijiti viwili vya 8.

Laptopu usiiuze. Weka Sunshine, programu ya kurusha gemu ndani ya nyumba, kwenye OptiPlex, fungua https://localhost:47990, tengeneza nenosiri. Laptopu iwekee Moonlight, programu ya kupokea, chagua kompyuta, kisha PIN itakayokuonyesha iingize kwenye ukurasa ule wa Sunshine. Ruta na OptiPlex viunganishe kwa waya, laptopu iwe kwenye waifai ya 5 GHz. Kwa Moonlight, Mbps 20 zinatosha 1080p, na hazigusi bando kwa sababu haziendi nje ya nyumba.