Shule za kanisa acheni kuwaadhibu watoto kwa mambo ya wazazi wao

Wakuu nina hasira na leo naomba mniache niseme yote. Mimi ni Mkatoliki, nimebatizwa nikiwa mchanga kule Songea, nimesomeshwa na masista, sasa hivi naishi Colorado na wanangu wako shule ya parokia huku huku, kwa hiyo asije mtu hapa kuniambia mie adui wa kanisa. Ila hili la kumkataa mtoto shule eti kwa sababu nyumbani ana mama wawili au baba wawili limenishinda kabisa.

Na wala halijaanza jana. Mwaka 2010 hapa hapa Colorado, mji wa Boulder, shule ya Sacred Heart of Jesus, mtoto wa chekechea analelewa na wanawake wawili akaambiwa mwaka unaofuata hatapokelewa. Askofu Mkuu wa Denver wakati huo, Charles Chaput, akautetea uamuzi, hoja yake shule na wazazi wanamlea mtoto kiimani kwa pamoja, sasa kama mzazi anaishi waziwazi kinyume na mafundisho mwalimu atafundishaje habari za ndoa bila kumchanganya mtoto. Mwaka huo huo Hingham kule Massachusetts, mtoto wa miaka 8 alikuwa keshapewa nafasi darasa la tatu, walipojua wazazi wake ni wanawake wawili nafasi ikafutwa. 2019 ikawa zamu ya Kansas, shule ya St. Ann pale Prairie Village, mtoto anaanza tu chekechea, jimbo kuu la kanisa likasema hapana. Waumini zaidi ya elfu moja wakatia sahihi barua ya kuomba Askofu Mkuu Naumann abadili msimamo, hakubadili.

Sasa hiyo hoja ya kumchanganya mtoto ndiyo inayonipandisha presha. Darasani kwetu Songea kulikuwa na watoto wa mitala, baba mmoja wake watatu, kila mtu anajua, na baba mwenyewe anakuja siku ya wazazi anakaa mbele. Kulikuwa na Waislamu. Kulikuwa na wenzetu ambao baba hajulikani. Na sista akasimama ubaoni akafundisha ndoa ni mume mmoja na mke mmoja mpaka kifo, hakumung'unya maneno, na hakuna aliyefukuzwa wala aliyechanganyikiwa! Tulielewa vizuri tu kwamba kanisa linasema hivi na nyumbani kwa fulani wanaishi vile. Mtoto ana akili jamani. Kwa nini sista wa kijijini aliweza na maaskofu wa Marekani wenye majengo na mawakili washindwe?

Halafu huku wanapokea watoto wa waliotalikiana wakaoa tena bomani, wa Waprotestanti, wa wazazi ambao hawajakanyaga misa tangu Pasaka. Hao wote kwa mafundisho yetu kuna mahali hawajakaa sawa. Hakuna anayeulizwa. Anayeulizwa ni huyu mmoja tu.

Na msiniambie haiwezekani kufanya vingine. Jimbo kuu la Boston, ambalo Hingham iko chini yake, baada ya kelele zile walikaa wakatafakari, Januari 2011 jimbo kuu la Kardinali O'Malley likatoa mwongozo kwamba shule zake hazitabagua wala kufungia nje kundi lolote la wanafunzi, ila mzazi akubali kwamba mtoto atafundishwa imani ya Kikatoliki yote bila kupunguzwa. Basi! Hicho ndicho kinachotakiwa. Mafundisho hayakuguswa hata nukta.

Kuna na hili la Roma. Mwishoni mwa 2023 ofisi ya mafundisho ya imani Vatikani ilijibu kwamba mtoto wa wapenzi wa jinsia moja anaweza kubatizwa, sharti kuwe na matumaini ya msingi kwamba atalelewa Kikatoliki. Sasa niambieni, matumaini hayo yatatoka wapi kama mnambatiza leo na baada ya miaka mitano mnamfungia mlango wa shule? Ezekieli 18 inasema wazi mwana hatauchukua uovu wa baba yake. Najua wengi humu mtasema ushoga ni dhambi, sawa, sijaja kubishana hilo, mimi nazungumzia mtoto wa miaka mitano ambaye hakuchagua azaliwe au alelewe na nani.

Kibaya zaidi wanataka na hela za umma. Colorado ilianzisha chekechea ya bure ya serikali 2023, masharti usibague mtoto, parokia mbili za huku zikaenda mahakamani pamoja na jimbo kuu zikitaka zilipwe na bado zichague wazazi. Walishindwa 2024, mahakama ya rufaa nayo ikawagomea Septemba 2025. Yaani kodi ya wale mama wawili iende ikalipie ada ya wanangu halafu mtoto wao abaki nje.

Parokia ninayosali mimi (jina silitaji) kuna familia ya namna hiyo, mtoto alikuwa anakaa na binti yangu katekesi. Shule wakamkataa kwa simu tu, hata barua hakuna. Lakini bahasha za sadaka zenye namba yao bado zinatumwa nyumbani kwao kwa posta kila mwezi, mama yake mmoja alinionyesha rundo zima mezani. Hela yao inakubalika!

Nimempelekea paroko fomu za mwaka ujao bila sahihi yangu. Nimemwambia anijibu kwa maandishi kwa nini wa talaka yumo, wa Mprotestanti yumo, na yule hayumo. Kama kuna mzazi humu aliye Denver, Kansas au popote yamemkuta, aje tuandike barua moja kwa askofu yenye majina yetu kamili, si ya kujificha.