Naomba ushauri: wiki hii naendesha mashtaka, wiki ijayo natetea

Habari zenu wakuu. Niko London, nusu ya pili ya mwaka wa mafunzo ya uwakili wa mahakamani, na sasa naruhusiwa kusimama mwenyewe mbele ya hakimu. Huku wakili wa kujitegemea anaweza kuendesha mashtaka leo, kesho akamtetea mshtakiwa wa kesi nyingine. Tena kuna kanuni inayofananishwa na foleni ya teksi: kesi ikiwa ya fani yako na una nafasi, huchagui mteja.

Kazi naipenda kwa dhati. Upande wa mashtaka umenifundisha kusoma jalada kwa makini, maana sheria ya 1996 inautaka umpe mshtakiwa hata taarifa zinazoweza kumsaidia. Nikirudi kwenye utetezi, najua pa kuuliza.

Kinachoniumiza ni mama, yuko Tanga. Kila nikipiga simu: "Mwanangu, unamteteaje mwizi?" Nimemweleza kwamba mtu hana hatia mpaka ithibitike. Hajakubali, na juzi alilia.

Mliopita njia hii, wazazi mliwaelezaje wakaelewa? Na je, niegemee upande mmoja mapema au niendelee na zote mbili? Mimi moyo wangu unataka zote.