Mama anapika viazi kwa saa tatu na ushee: hii ndiyo picha ya sinema bora kuliko zote duniani?

Kipepeo

Wadau, salamu. Nina hoja, naomba tuijadili bila matusi. Nimemaliza kutazama "Jeanne Dielman", picha ya Chantal Akerman ya mwaka 1975, na tangu juzi siwazi kingine. Kwa ambaye hajaiona: mjane wa Brussels anaishi na mwanawe wa kiume, kijana wa shule. Tunakaa naye siku tatu. Anatandika, anasugua beseni la kuogea, anakanda nyama ya kusaga, na kila mchana, chakula kikiwa motoni, anapokea mwanamume mmoja kwa pesa. Pesa anazitia kwenye bakuli la supu mezani, anafunika. Dakika 201, kamera haisogei.

Jarida la Uingereza la Sight and Sound huwauliza wahakiki kila baada ya miaka 10 ni picha ipi bora kuliko zote. Mwaka 2022 wakaiweka hii namba 1. Kabla ya Akerman, hakuna mwongozaji mwanamke aliyewahi kukaa pale.

Mimi nasema inastahili. Siku ya pili, mteja anapoondoka, viazi vimeshaiva kupita kiasi. Mama anachukua sufuria, anaingia nayo bafuni, anarudi nayo jikoni, hajui pa kuiweka. Bakuli la pesa analiacha wazi. Hakuna muziki wa kukushtua wala anayelia, lakini moyo ulinienda mbio, maana kufikia hapo nilishajua kila kitu kinakaa wapi kwenye nyumba ile. Kazi ya ule urefu ni hiyo. Sasa nauliza: tunazipenda picha hizi kwa sababu zimetugusa, au kwa sababu wenye majarida wametuambia ni kubwa?

Dereva wa Usiku

Mkuu, nilitazama dakika 40 nikazima. Picha iwe na steringi na adui, nijue namtetea nani. Viazi mke wangu anamenya kila siku na hakuna jarida lililokuja kumpa namba. Ile ni kazi ya kawaida tu, mmeipamba.

Kobe wa Bara

Mimi naipinga kwa sababu nyingine. Miaka yote namba 1 ilikuwa "Citizen Kane", hata mtoto wa chuo anajua. Juzi tu wameamua kubadilisha kwa ajili ya siasa za wanawake. Picha ya saa nne ambayo nadhani nusu ya waliopiga kura hawakuifikisha mwisho!

Kipepeo

Kobe, miaka yote? Kura ya kwanza, mwaka 1952, iliyoshinda ni "Ladri di biciclette" ya De Sica, ya mwaka 1948, ya baba wa Rumi anayeibiwa baiskeli yake ya kazi. "Citizen Kane" imekaa juu kuanzia 1962 hadi 2002, kisha mwaka 2012 ikaja "Vertigo". Orodha imekuwa ikisogea na hakuna aliyelia siasa. Na hiyo saa nne umeitoa wapi? Dakika 201 nimeziandika juu hapo.

Kobe wa Bara

Unanihesabia dakika badala ya kujibu. Mwaka 2012 picha hii ilikuwa nafasi ya 30 na kitu. Imerukaje hadi ya kwanza? Waliongeza wapiga kura, kutoka 846 hadi 1,639, wakaingiza watu wenye mlengo wao. Ukiongeza wajumbe kabla ya uchaguzi, kwetu tunaiitaje?

Mama Pacha

Mimi sikuja kwa ajili ya kura. Nimekuja kwa Dereva. Kaka, hebu rudia: "kazi ya kawaida tu". Saa kumi na moja alfajiri mkaa umelowa, unapuliza jiko mpaka macho yanavuja. Mmoja hataki chai bila maziwa, mwenzake soksi moja haionekani. Maharage ya mchana unayaloweka usiku, ukisahau umeharibu siku nzima, na hakuna atakayesema "pole umesahau", watasema "leo hakuna chakula?" Hiyo ndiyo unaiita kawaida. Nakuuliza swali dogo: chumvi nyumbani kwako inakaa wapi?

Dereva wa Usiku

Dada, usinifundishe nyumba yangu. Mimi naendesha usiku kucha watu wakiwa wamelala, na huo mkaa haujinunui. Na mimi nitengenezewe picha ya saa tatu nikiwa nimeshika usukani? Nani ataitazama?

Mama Pacha

Nitaitazama mimi. Umeshindwa kujibu swali la chumvi.

Ukuta wa Zege

Dereva hajasema kazi ya nyumbani ni ndogo, amesema haihitaji kurekodiwa saa tatu. Tusimchafue. Anayeweza kukaa saa tatu akitazama mtu anasugua sahani ni yule ambaye hana sahani za kusugua.

Kipepeo

Akerman hakuwa amefika hata miaka 25 alipoipiga, na kikosi chake karibu chote kilikuwa cha wanawake. Babette Mangolte ndiye aliyekuwa kwenye kamera. Hawakuwa matajiri wenye muda wa kuchezea, Ukuta. Waliziweka kwenye picha zile dakika ambazo picha nyingine zote hukata: mtu anaingia jikoni, kata, chakula kiko mezani. Nani alipika? Haioneshwi. Akerman akakataa kukata.

Ukuta wa Zege

Sawa, lakini huyo Mama Pacha mwenyewe si ajabu ana hausigeli. Wengi wanaolalamika mitandaoni kuhusu kazi za nyumbani, kazi anafanya mtoto wa mtu kutoka kijijini, analala sebuleni.

Mama Pacha

Sina. Niliwahi kuwa na dada wa kazi, na alikuwa na chumba na mshahara kila tarehe 30. Wewe ukuta hunijui, usinipake matope.

Mwalimu wa Zamu

Kwa vile tumefika kwa dada wa kazi, mbona tunahangaika na Brussels wakati Ousmane Sembène, mwongozaji wa Senegal, alishaimaliza hoja hii mwaka 1966 kwa "La Noire de..."? Diouana, binti wa Dakar, anachukuliwa na Wafaransa hadi Antibes. Alidhani anakwenda kulea watoto na kuiona Ufaransa. Anafika, anafanywa mpishi na mfagiaji, nje hatoki. Anafagia akiwa amevaa gauni lake zuri na viatu vya kisigino, na bibi mwenye nyumba anamwambia avue viatu.

Halafu ile sehemu ya barua. Inakuja barua kutoka kwa mama yake. Diouana hajui kusoma, bwana anamsomea, kisha anachukua kalamu na kuanza kumwandikia jibu bila kumuuliza anataka kusema nini. Diouana anaichana. Mwisho anajiua bafuni. Picha yote ni kama saa moja tu. Sembène alifanya kwa saa moja alichokifanya Akerman kwa tatu na ushee, na alikuwa ametangulia karibu miaka 10. Kwenye orodha ya 2022 yumo, lakini kule mkiani, nafasi ya 95. Kama kuna siasa, Kobe, itafute hapo.

Bi Maskati

Mwanangu Mwalimu, ahsante. Miye niko Maskati miaka mingi, nimezaliwa Unguja. Picha hiyo nilioneshwa na mjukuu wangu, nikamwambia aizime kabla haijesha, kwani hao kina Diouana nawaona kwa macho. Mabinti wa Bara, wa Kenya, wa Uganda, wanakuja na sanduku moja, wameambiwa kazi ni kulea mtoto. Wakifika ni nyumba ya ghorofa, kupika, kufua, kuosha magari. Kwa hiyo kafala, yaani udhamini wa mwajiri, hamwachi mwajiri wake kwa kutaka mwenyewe. Wako wanaokaa na watu wema, siwezi kusema uongo. Lakini hiyo ya kuandikiwa barua nimeijua. Yuko mmoja jirani yetu, simu anapiga mbele ya bibi mwenye nyumba, anamwambia mamake "niko salama" huku anatazama chini.

Mama Pacha

Shikamoo Bibi. Hapo nimeishiwa nguvu.

Dereva wa Usiku

Shikamoo Bi Maskati. Mdogo wangu wa mwisho aliwahi kwenda huko, alirudi kimya. Kwa hiyo jambo hili msilifanye la kushindania picha ipi fupi.

Bi Maskati

Marahaba, wanangu. Mpe pole mdogo wako.

Kobe wa Bara

Poleni. Lakini Mwalimu, huyo Sembène wako mnamwita baba wa sinema ya Afrika, na Diouana anazungumza nafsini mwake kwa Kifaransa! Binti asiyejua kusoma barua anawaza kwa Kifaransa safi. Hapo ukweli uko wapi? Ni zile zile picha za kuwafurahisha Wazungu.

Mwalimu wa Zamu

Umegusa mahali panapouma kweli, na Sembène mwenyewe hakubaki hapo. Mwaka 1968 alitoa "Mandabi" kwa Kiwolofu. Mtu huyu alikuwa kuli bandarini Marseille, akawa mwandishi wa riwaya, akaona watu wake hawawezi kumsoma, akaenda Moscow kujifunza sinema akiwa mtu mzima. Alirudi akizunguka na picha zake hadi vijijini. Kumwita mtu wa kuwafurahisha Wazungu ni dhuluma. Futa kauli.

Kobe wa Bara

Sifuti. Nauliza: na sisi tunaozungumza Kiswahili tunazitazama kwa lugha gani? Maandishi ya Kiingereza chini ya picha. Unasoma, husikii, huoni uso wa mtu. Mnaosema mmeguswa na Ozu, yule mwongozaji wa Japani, mmesoma Ozu. Kama kweli mnataka watu wazipende, leteni mtu kama Lufufu awatafsirie. Yeye ndiye aliyewafanya watu wa vibanda umiza waelewe picha za nje kwa Kiswahili.

Kipepeo

Lufufu namheshimu sana. Lakini msimulizi anazungumza juu ya picha muda wote. Mle ndani ya "Jeanne Dielman" sauti ni maji ya bomba, swichi ya taa, kisu kwenye ubao. Ukiweka mtu aseme "sasa mama anamenya kiazi", umeifuta picha.

Ukuta wa Zege

Kwa hiyo mwananchi asiyejua Kiingereza abaki nje ili wewe usikie bomba. Ndicho nilichosema tangu mwanzo, picha za wenye nafasi.

Mwalimu wa Zamu

Si lazima tuchague kimoja. Picha ya De Sica ina mitaa na mvua, na yule baba ni mfanyakazi wa kiwandani ambaye hakuwa mwigizaji, Lamberto Maggiorani. Msimulizi mzuri haiui. Dereva mwenyewe angeipenda: mtu bila baiskeli hana kazi.

Dereva wa Usiku

Baba anaipata baiskeli?

Mwalimu wa Zamu

Haipati. Anajaribu kuiba ya mwingine, anakamatwa mbele ya mwanawe.

Dereva wa Usiku

Sasa hiyo naitafuta. Ya viazi bado siitaki.

Nyuki Mkali

Nimesoma kimya toka mwanzo. Kobe anasema tunaosoma maandishi hatuoni uso. Mimi nilimtafsiria bibi yangu "Tokyo Monogatari" ya Ozu, ya mwaka 1953, sentensi kwa sentensi, tumekaa mkekani. Wazee wawili wanatoka Onomichi kwenda Tokyo kuwasalimu watoto wao. Watoto hawana nafasi, wanawapeleka Atami, kwenye hoteli yenye kelele, ili wasiwasumbue. Anayewajali ni Noriko, mjane wa mtoto wao aliyefia vitani. Bibi hakuuliza kwa nini kamera iko chini kiasi kile, alisema tu huyu mpiga picha ameketi na wenzake, si mjeuri.

Lakini ilipofika baada ya mazishi, yule binti mwenye saluni, Shige, wako bado mezani wanakula, anaulizia kimono na mkanda wa mama yake awe navyo kama kumbukumbu. Bibi alipiga goti kwa kiganja: "Huyu msusi hana haya, mamake hajapoa." Hadi leo akimwona mtu mchoyo anamwita Shige. Niambieni nani alimwambia ampende Ozu. Jarida halijui.

Ukuta wa Zege

Bibi yako amemwonea. Nguo za marehemu ni haki ya watoto wa kike. Kuulizia si kosa.

Mama Pacha

Siku ile ile? Kwetu nguo hazigawiwi kabla ya arobaini, na anayegawa ni shangazi. Kujichagulia mwenyewe ni aibu ya ukoo mzima.

Kobe wa Bara

Wale ni Wajapani, arobaini yenu wataijulia wapi? Shige amekwenda zake Tokyo, ana saluni, wateja wanamsubiri. Asipoomba siku ile atarudi lini?

Nyuki Mkali

Kobe, dada mdogo Kyoko, aliyebaki nyumbani na baba, alikasirika kwa jambo hilo hilo, na ni Mjapani. Anamwambia Noriko kabisa kwamba kaka na dada zake ni wabinafsi. Kwa hiyo usimsingizie Ujapani.

Kobe wa Bara

Na Noriko alimjibu nini? Alimtetea Shige. Alisema watu wakikua wanakuwa na maisha yao. Mbona hiyo umeiruka?

Bi Maskati

Kwani Noriko kwao ni wapi, na yeye hana mamake? Mbona haonekani akenda kwao?

Kipepeo

Wadau, narudisha swali langu la kura ya 2022.

Ukuta wa Zege

Subiri kwanza, Bi Maskati ameuliza kitu cha maana. Nani anajua kwao Noriko?