Anubiasi yangu inatoa jani kwa kusuasua, naikataje nipate miche bila kuiua?

Bintiziwa:
Habari zenu wakuu. Naomba msaada wa wanaofuga samaki wa mapambo. Nina tangi la kioo la lita 90 hapa Nyegezi, Mwanza, ndani kuna furu saba. Mimea ya majani laini wameimaliza yote. Wasiyoitafuna wameing'oa, maana furu akiamua kuchimba mchanga hakuna kinachosimama.

Mwaka jana nikaagiza anubiasi, mmea wa kuweka tangini, vipande vitatu kutoka Dar, vikaja kwa basi vimeviringishwa kwenye gazeti bichi. Nikavifukia kwenye mchanga kama marando ya viazi. Viwili vikaoza kuanzia chini. Nilipovuta, majani yalibaki mkononi na shina lilikuwa limegeuka ute wa kahawia unaonuka. Cha tatu furu walikifukua wenyewe, kikaelea, na ndicho kilichopona.

Sasa kina majani 11, na kwa miezi minane kimeongeza sita tu. Nataka nikigawe, tangi la pili lipo tupu linasubiri. Nikate wapi? Na kuna namna ya kukiharakisha? Ndicho pekee nilichobaki nacho, nikikosea hapa basi.

Mzee_Pasiansi:
Pole dada. Hao furu wamekufanyia kazi nzuri. Anubiasi ina shina nene linalotambaa kama tangawizi, wenyewe wanaliita rizomu. Mizizi ndiyo inayoruhusiwa kuingia mchangani. Rizomu ikifukiwa inaoza. Kwao Afrika Magharibi na ya Kati inakaa kwenye mawe na magogo kandokando ya mito, imeshikilia kwa mizizi, mgongo uko wazi.

Kabla hujakata, itoe uiweke kwenye sahani nyeupe, uiminye rizomu kwa vidole toka mwanzo hadi mwisho. Inatakiwa iwe ngumu kama tangawizi mbichi. Palipo laini pakate mpaka ukute nyama safi, hata kama utapoteza jani.

Kijana_Igoma:
Mimi ningeshauri uongeze taa na mbolea ya maji. Mmea ni mmea, ukiupa chakula unakimbia. Mimi nawasha saa 12 kwa siku na mimea yangu inapanda mpaka juu.

MamaMiche:
Mdogo wangu Kijana, hiyo yako inayopanda mpaka juu ni ya aina nyingine, inayokua haraka. Kwa anubiasi nilifanya hivyo hivyo mwaka wa kwanza na nikajuta. Jani lake linakaa mwaka na zaidi bila kubadilishwa, sasa mwanga ukizidi mwani unapata muda wa kutosha wa kujijenga juu yake. Yangu yaliota madoa meusi kama ndevu, nikafuta kwa kitambaa kila Jumamosi na hayakutoka. Bintiziwa, saa sita hadi nane za taa ya kawaida zinatosha.

Cha kuharakisha kweli ni kuitoa majini. Hewa ya kaboni, ambayo ndiyo chakula cha jani, inasambaa kwenye maji polepole takriban mara 10,000 kuliko inavyosambaa hewani. Ndiyo maana mmea ukiwa umezama unakula kwa kijiko. Mimi nachukua kontena la plastiki linaloonyesha ndani, lile la kuwekea keki, natandika makumbi ya nazi yaliyooshwa na kukamuliwa, nalaza vipande juu bila kuvifukia, naweka maji kidogo ya kulowesha mizizi tu, nafunika. Linakaa karibu na dirisha lisilopigwa jua moja kwa moja. Kila asubuhi nafungua dakika chache hewa ibadilike na nanyunyizia majani. Joto la Mwanza linawatosha, hita ya nini? Na umeme ukikatika huna wasiwasi wa pampu.

Angalizo: jani likikauka ndani ya siku mbili za mwanzo, mfuniko wako unavujisha unyevu.

Mzee_Pasiansi:
Naunga mkono hoja ya kontena. Kuhusu kukata: wembe mpya, pitisha kwenye moto au spiriti, kata mara moja bila kusaga. Kila kipande kibaki na majani yasiyopungua matatu na mizizi yake. Kwa majani 11 usiwe na tamaa, pata vipande viwili tu. Kimoja kipeleke kwenye kontena, kingine kirudi tangini kikiwa kimefungwa kwenye jiwe kwa uzi wa pamba. Kabla uzi haujaoza mizizi itakuwa imeshika. Supa gluu nayo haina shida, tone moja kwenye mizizi.

Na kile kisehemu cha nyuma kilichokwisha majani usikitupe. Kina macho yaliyolala, kama macho ya kiazi. Mmea ukiwa mzima jicho la mbele ndilo linalotawala, ukikata haya ya nyuma yanaamka.

Bintiziwa:
Asanteni sana, nimeelewa kosa langu sasa. Mawe nifuate ziwani? Hapa karibu kuna ufukwe wenye mawe mazuri na majani ya maji pia.

MamaMiche:
Hapana mwanangu, hapo nakuomba sana. Konokono wa maji ya kina kifupi ndio wanaobeba kichocho, na ukanda wetu huu wa ziwa tunao ugonjwa huo. Ukisimama majini unachagua mawe, vijidudu vinapita kwenye ngozi, na ukibeba majani unaweza kuleta konokono hadi sebuleni. Mawe ya Mwanza yako kila kilima, chukua hapo nyuma ya nyumba, sugua kwa brashi, anika. Haya yetu ni graniti, hayabadilishi maji. Ukiwa na mashaka dondoshea siki: likitoa povu lina chokaa, liache.

Maji ya bomba yalaze kwenye ndoo wazi hadi kesho yake, klorini ipungue. Na mabaki ya mimea yako usiyatupe mtaroni wala ziwani. Gugumaji nalo lilitoka Amerika ya Kusini, likasambazwa duniani kwa ajili ya uzuri wa maua yake, na leo wavuvi wetu wanasukuma mitumbwi katikati yake. Anika juani mpaka yakauke kabisa.

Bintiziwa:
Narudi na mrejesho, ni wiki ya sita leo. Nilipoiminya nilikuta sehemu moja laini karibu na mwisho, nikaikata, nikapoteza majani mawili. Nikapata kipande cha majani matano, cha manne, na kisehemu kimoja kitupu cha urefu wa kidole gumba.

Cha kwenye jiwe kimesimama, furu wamekijaribu mara mbili wakakiacha, hakijaongeza kitu. Cha kwenye kontena kimetoa majani mawili, la pili bado limejikunja, kijani cha kung'aa. Lakini kilichonifanya nirudi hapa usiku huu ni kile kitupu. Pembeni yake kuna vitu viwili vyeupe vidogo kuliko punje ya mchele, kimoja ncha yake imeanza kugeuka kijani. Nimewasha tochi ya simu nikaangalia mara tatu. Wabeja sana wote.

Mzee_Pasiansi:
Hayo ndiyo macho yenyewe dada. Usiyaguse mpaka kila moja liwe na majani matatu.